Aliyejaribu Kujiua si Mshukiwa Tena: Barua ya Wazi kwa Machifu na Wazee wa Nyumba Kumi

Kwa machifu, manaibu wa chifu na wazee wa Nyumba Kumi kote nchini Kenya.

Waheshimiwa,

Taarifa ya mtu kujiua inapotangazwa redioni au kuchapishwa gazetini, haikosi sentensi moja: "Akithibitisha kisa hicho, chifu wa eneo hilo alisema..." Chifu ndiye anayebishiwa mlango saa nane za usiku. Ndiye anayepiga simu kituo cha polisi, anayewasihi majirani wasijazane uani, na anayeulizwa na wanahabari marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mara nyingi jibu huwa lile lile: alikuwa mpole, hakuwa na ugomvi na mtu, na hakuna aliyejua lililokuwa likimsumbua.

Barua hii inamwomba chifu aanze kuitwa mapema zaidi, mwenye shida angali hai.

Ombi hili linatolewa wakati huu kwa sababu sheria imebadilika. Kwa miongo mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Aliyepatikana na hatia aliweza kufungwa hadi miaka miwili, kutozwa faini, au vyote viwili. Kifungu hicho tulikirithi kwa mkoloni, naye mkoloni mwenyewe aliifuta sheria ya namna hiyo kwake Uingereza mwaka 1961, miaka miwili kabla ya Kenya kupata uhuru. Sisi tukabaki nayo. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Miongoni mwa waliofungua kesi hiyo ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili. Mahakama iliona kwamba kumwadhibu mtu kwa jambo linalotokana na hali yake ya afya ni kumbagua, ni kumvunjia utu, na ni kumfungia njia ya kupata matibabu ambayo Ibara ya 43 inamhakikishia kila mtu.

Kijijini habari hiyo haijafika sawasawa. Familia ikimkuta kijana wao amekunywa sumu, kitu cha kwanza kujadiliwa huwa ni wataenda kusema nini hospitalini. Wengine hukubaliana kudai kwamba alikunywa kwa bahati mbaya. Wengine humfungia chumbani, wakampa maziwa, wakangoja kupambazuke. Saa hizo zinazopotea ndizo ambazo daktari angezitumia kumwokoa. Na akipona, hurudi nyumbani akakuta watoto wa jirani wanaonyeshana kwa vidole. Hujifunza kunyamaza. Siku mawazo yale yakimrudia hatamwambia mtu, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba mtu aliyewahi kujaribu ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wengine.

Neno la chifu barazani lina uzito ambao bango la hospitali halina. Baraza lijalo, baada ya mambo ya vitambulisho, pombe haramu na ng'ombe waliopotea, zinahitajika dakika tano tu za maneno kama haya: "Mtu akijaribu kujiua katika lokesheni hii, hatakamatwa. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mkikosa gari nipigieni simu. Atakayemkejeli au kumfukuza nyumbani atakuja kunieleza mimi." Iongezwe pia kwamba kumsaidia au kumshawishi mtu ajiue kungali ni kosa kisheria, na kwamba kifo cha namna hiyo kingali lazima kiripotiwe kwa polisi. Watu wakijua mpaka uko wapi hawataogopa kusema ukweli wakifika kwa daktari.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, watu wapatao 727,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, ni sababu ya tatu ya vifo. Hapa Kenya, jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliikabidhi serikali ripoti yake mwaka 2020, likapendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ukaandikwa Mkakati wa Kitaifa wa Kuzuia Kujiua wa mwaka 2021 hadi 2026, na Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho mwaka 2022. Makaratasi yapo. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Chifu yuko kila lokesheni.

Zaidi ya hapo, watu walio hatarini tayari wako kwenye benchi la nje ya ofisi yake. Kuna mjane ambaye shemeji zake wanamnyang'anya shamba. Kuna baba aliyekuja kuomba barua ya chifu kwa sababu amedaiwa hadi amezimika. Kuna msichana aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya mimba, na mzee ambaye wanawe wamegawana ardhi yeye angali hai. Kujiua huwa na sababu nyingi zilizosukana: ugonjwa wa sonona, pombe, deni, ugomvi wa ndoa, maumivu ya mwili yasiyokwisha, aibu. Nusu ya orodha hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya chifu. Anapoamua kesi ya mpaka, anaweza pia kumtazama usoni yule aliyeshindwa kesi na kumuuliza analala vipi usiku.

Nyumba Kumi nayo iliingia Kenya mwaka 2013, mwaka wa shambulio la Westgate, kwa kufuata mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania. Nia ilikuwa majirani wajuane ili mgeni mwenye nia mbaya asijifiche kati yao. Macho yale yale yanaweza kumwona jirani anayezama. Mtu ambaye hakosi kanisani au msikitini amepotea wiki tatu. Mwingine anagawa kuku wake, anamkabidhi mdogo wake hati ya shamba bila kuulizwa, anazunguka kuaga watu kama mwenye safari. Mwingine anasema, "Nimechoka na maisha," au "Watoto watakaa vizuri nisipokuwepo," na walio karibu wanacheka wakidhani ni pombe. Yupo pia yule aliyekuwa na huzuni ya wiki nyingi kisha kwa ghafla akatulia mno. Utulivu huo usimfanye jirani alale usingizi.

Tuseme ni kijana wa bodaboda. Pikipiki aliyoichukua kwa mkopo imetwaliwa, programu za mikopo za kwenye simu zinawapigia ndugu zake kuwadai, na mke amerudi kwao. Mzee wa Nyumba Kumi anafika kwake jioni, peke yake. Hasimami mlangoni kuhubiri. Anaomba kiti, anauliza habari za pikipiki, anasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha anasema: "Wiki hizi mbili nimekuona si wewe ninayekujua. Mambo yakiwa mazito hivi, kuna watu hufikia kufikiria kujiua. Wewe umefikiria?"

Swali hilo ndilo watu wengi hulikwepa, wakiamini kwamba kulitamka ni kumpa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zilizochunguza jambo hili hazijaona dalili yoyote kwamba kuuliza kunaongeza hatari. Aliyeulizwa mara nyingi hupata nafuu, kwa kuwa hatimaye kuna mtu anayeweza kumwambia. Neno lenyewe litajwe wazi. "Huna mawazo mabaya, sivyo?" ni swali linaloomba kudanganywa.

Kijana akisema ndiyo, yanafuata maswali mawili: amepanga kufanya nini, na lini? Ikiwa ana mpango, na ikiwa tayari ana kitu cha kuutimizia, basi asiachwe peke yake usiku huo hata kidogo. Mmoja akae naye. Wa pili aondoe nyumbani chochote anachoweza kujidhuru nacho. Wa tatu atafute gari la kumfikisha hospitali. Mzee asikubali kuapishwa kwamba atatunza siri. Amwambie kwa upole kwamba siri hii hawezi kuibeba peke yake, lakini haitafika kwa mtu asiyehusika.

Yapo maneno yanayosemwa kwa nia njema yakaumiza. "Wanaume hawalii." "Wenzako wana shida kubwa kuliko zako." "Hufikirii watoto?" Mtu aliyefika hapo mara nyingi amekwisha kujiridhisha kwamba yeye ni mzigo kwa watoto hao hao, kwa hiyo swali la mwisho linamthibitishia anachokiamini. "Hiyo ni dhambi" nalo humfungia mlango wa mwisho wa kuzungumza. Hilo halimaanishi kwamba shehe na mchungaji hawana nafasi. Kaunti ya Makueni, watafiti waliofanya kazi na Profesa David Ndetei waliwafundisha wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa dini na hata waganga wa kienyeji kumtambua mgonjwa wa sonona na kumwelekeza kwenye kituo cha afya. Shehe anayemwombea mtu dua kisha akampeleka hospitali kwa mkono wake amefanya kazi mbili, na zote zinahitajika.

Maneno matamu peke yake hayatoshi kama deni linabaki pale pale. Chifu anaweza kumwita mwenyekiti wa chama akaomba kijana aongezewe muda. Anaweza kuwaketisha wakwe pamoja. Anaweza kumpigia simu mdai na kumwambia aache kuwatisha ndugu. Mtu aliyekuwa haoni njia akiona tatizo moja limesogezwa, anapata sababu ya kungoja kesho, na siku hiyo moja ni muhimu sana: kwa wengi, kilele cha hamu ya kufa hupita baada ya muda mfupi.

Kwa sababu hiyo hiyo, umbali kati ya mtu na sumu unaamua uhai wake. Vijijini mwetu dawa kali za kilimo hukaa chini ya kitanda, jikoni, au kwenye chupa ya soda iliyotundikwa dirishani. Ushahidi wa jambo hili ni Sri Lanka. Katikati ya miaka ya 1990 nchi hiyo ya wakulima ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na viwango vya juu kabisa duniani vya watu kujiua, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na viuatilifu. Serikali ikaanza kupiga marufuku vile vyenye sumu kali zaidi, hatua kwa hatua, kuanzia mwaka 1995. Katika miongo miwili iliyofuata kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takribani asilimia 70. Watafiti wamekadiria kwamba maisha 93,000 yaliokolewa, na mavuno ya mashamba hayakuporomoka kama ilivyohofiwa. Korea Kusini nayo ilipiga marufuku kiuagugu kimoja hatari mwaka 2011 na 2012, na vifo vya kujiua kwa viuatilifu vikapungua kwa karibu nusu.

Kupiga marufuku ni kazi ya serikali kuu, na wabunge wanaosoma barua hii wana sehemu yao. Lakini chifu ana la kufanya wiki hii. Anaweza kutembelea kila duka la dawa za kilimo katika lokesheni yake akazungumza na muuzaji: mteja anayelia, anayenuka pombe, au asiyejua kutaja zao wala mdudu anayetaka kumnyunyizia dawa, asiuziwe, aketishwe, na mzee wa mtaa apigiwe simu. Anaweza kuwahimiza wakulima waweke dawa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, mbali na nyumba ya kulala, na ufunguo ushikwe na mtu mwingine pale ambapo mmoja wa familia ana shida. Vikundi vya wakulima vinaweza kuwa na stoo moja ya pamoja.

Kuna kazi nyingine inayosahaulika kabisa, nayo ni ile ya baada ya hospitali. Shirika la Afya Duniani liliongoza utafiti katika miji mitano ya Brazil, India, Sri Lanka, Iran na Uchina, uliochapishwa mwaka 2008. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida tu. Kundi la pili liliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha likafuatiliwa kwa simu au kutembelewa mara tisa katika kipindi cha miezi 18. Mwisho wa kipindi hicho, asilimia 2.2 ya kundi la kwanza walikuwa wamekufa kwa kujiua. Katika kundi la pili ilikuwa asilimia 0.2. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine. Kulikuwa na mtu aliyepiga hodi.

Ratiba yenyewe inaweza kunakiliwa kwenye daftari lolote la ofisi ya chifu: wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, ya saba na ya 11, kisha mwezi wa nne, wa sita, wa 12 na wa 18. Mbeba daftari yuko pia. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Mhudumu aliyeingia kumpima mama presha anaweza kumuuliza mwanawe habari za usingizi, na hakuna jirani atakayejua kwa nini alikuja.

Anayedhani kwamba kazi kama hii lazima ifanywe na wasomi atazame Harare. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, na bibi 14. Hakuwa na wauguzi wa kumpa wala chumba. Akawafundisha bibi hao kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 baada ya utafiti uliohusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona katika kundi lililokaa na bibi walikuwa asilimia 14, dhidi ya asilimia 50 katika kundi lililopata huduma ya kawaida. Waliokuwa na mawazo ya kujiua walikuwa asilimia 2 dhidi ya 12. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar. Kila lokesheni ya Kenya ina akina mama ambao tayari huendewa na watu wenye matatizo. Wanachohitaji ni mafunzo, usimamizi wa muuguzi wa zahanati, na chifu wa kuwapa benchi chini ya mti.

Pamoja na juhudi hizo, vifo vingine vitatokea. Hapo ndipo chifu hurudi kwenye ile sentensi ya gazetini, na namna anavyoijaza ina athari kwa walio hai. Asieleze mbinu iliyotumika. Asitaje barua iliyoachwa wala asiisome. Asiseme "alijiua kwa sababu ya mapenzi" au "kwa sababu ya deni", kwa maana hakuna kifo cha namna hii chenye sababu moja, na kijana mwingine mwenye deni kama hilo anasikiliza redio. Aseme kwamba mtu amefariki, kwamba familia inaomboleza, na kwamba msaada upo na unapatikana wapi.

Halafu kuna mazishi. Katika baadhi ya jamii zetu, aliyejiua huzikwa usiku, pembezoni mwa boma, bila ibada wala wasifu, na watoto wake hukatazwa kumtaja. Wazee walioweka mila hizo walitaka kuzuia jambo hilo lisirudiwe. Leo tunajua kwamba waliofiwa namna hii wao wenyewe wako katika hatari kubwa zaidi, na kuwatenga ni kuwaongezea. Mchana wa mazishi, chifu akisimama kaburini na kumtaja marehemu kwa jina lake, kwa kazi zake na kwa watoto wake, familia hiyo itaweza kesho yake kwenda sokoni.

Baadhi yenu mtasema, na ni haki, kwamba hamkufundishwa kazi hii, kwamba hamna gari, na kwamba nanyi ni watu mnaobeba mizigo ya kila nyumba bila mtu wa kuwauliza mnaendeleaje. Kwa hiyo nakala ya barua hii iwafikie pia mawaziri wa Usalama wa Ndani na wa Afya. Wawapelekee machifu waraka unaoeleza uamuzi wa mahakama kwa Kiswahili chepesi. Wawape mafunzo kupitia hospitali za kaunti ndogo. Kipindi cha Mkakati wa Kitaifa kinakoma mwaka 2026. Utakaoufuata umtaje chifu na mzee wa Nyumba Kumi kwa cheo, uwape majukumu, na uwatengee fedha. Machifu wenyewe nao wapewe mahali pa kuzungumzia wanayoyaona.

Lakini yapo yasiyongoja waraka. Nambari hizi ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, kwenye duka la dawa za kilimo, kwenye kituo cha bodaboda na kwenye mlango wa zahanati: Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, bila malipo, Befrienders Kenya, 0722 178 177, na kwa watoto, 116, bila malipo. Anayesoma barua hii akiwa na mawazo hayo mwenyewe, apige simu sasa au amwambie mtu aliye karibu naye. Hajatenda kosa lolote, na hatakamatwa.

Waheshimiwa, litangazeni hilo katika baraza lijalo.